Kinundu cha Saba

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Mama Pacha alinoa visu vyake. Alikuwa na visu vitatu. Vyote vilikuwa vidogo, na vyote vilikuwa vikali kuliko ulimi wa mama mkwe wake, jambo ambalo si dogo.

Mama Pacha alikuwa fundi wa kubebesha miti. Kubebesha ni kuchukua kijiti cha mti mmoja na kukiunganisha juu ya mti mwingine, mpaka vishikane na kuwa kitu kimoja. Kazi hiyo inataka mkono mwepesi na moyo mtulivu. Mkono alikuwa nao. Moyo, tutaona.

Binti zake pacha walikuwa wameshaolewa mbali. Nyumbani walibaki watatu: yeye, mumewe Baba Pacha, na mama mkwe.

Shamba lao lilikuwa mlimani, mahali penye baridi. Zamani walilima matufaha. Miti ile ilizeeka, ikaugua, ikakauka mmoja baada ya mwingine. Ndipo kituo cha utafiti wa kilimo kilipoleta mti mgeni, jina lake chesinati. Tunda lake lina ganda lenye miiba mingi. Ndani mna mbegu za rangi ya kahawia, ambazo huchomwa au huchemshwa, na hata kusagwa unga.

Aliyewaletea habari hiyo ni mtaalamu wa kilimo wa eneo lao, mwanamke mfupi mwenye pikipiki kubwa. Watu walimwita Bibi Shamba.

"Hapa kwenu hakuna aliyewahi kuupanda mti huu," Bibi Shamba aliwaambia siku ya kwanza. "Hatujui ni aina ipi itakayoupenda udongo wenu na baridi yenu. Kwa hiyo tumeleta aina sita, kutoka nchi mbalimbali. Tutazipanda pamoja na kuzipima pamoja kwa miaka minane. Msiniulize ipi ni bora. Hata mimi sijui."

"Kwa nini tusipande moja tu, ile nzuri?" aliuliza Baba Pacha.

"Nzuri kwa nani, Baba Pacha? Aina inayozaa sana kwao inaweza kufa kwa baridi ya kwenu. Tena mti huu hauzai vizuri ukiwa na aina moja tu. Unataka mwenzake wa aina nyingine, wachanganye chavua, ule unga wa maua."

"Kumbe ni kama sisi," alisema mama mkwe. "Mtu haoi nyumbani kwao."

Familia kumi zilikubali. Ziling'oa matufaha ya mwisho na kupanda chesinati. Kila mti ulifungwa kibati chenye namba. Kila familia ilipewa daftari la kuandika: macho ya mti, pale majani yanapochipukia, yamefumbuka lini, mti una urefu gani, baridi imeuchoma au haikuuchoma, una ugonjwa au hauna. Na palikuwa na sharti moja kubwa. Hakuna kuingiza mche, kijiti wala mbegu kutoka nje bila kupitia kituoni.

Wote walitia sahihi. Mama Pacha alitia ya kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa fundi wa mashamba yote kumi.

*

Miaka miwili ikapita. Miti ilikuwa imefika kifuani, na hakuna uliozaa hata tunda moja. Aina ya nne ndiyo iliyomwudhi Mama Pacha kuliko zote. Ilichelewa kufumbua macho kila mwaka. Miti mingine ilikuwa na majani, yenyewe imelala tu.

"Mvumilivu hula mbivu," alisema Baba Pacha.

"Kwanza zitokee, ndipo ziive," alijibu Mama Pacha.

Mwaka wa tatu, baridi ilipokuwa inakaribia kwisha, kaka yake alikuja kumtembelea. Kaka huyo alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na kila mtu alimwita Dereva. Alivua koti, akatoa mfukoni bahasha ndefu. Ndani palikuwa na vijiti viwili vimefungwa kwa kitambaa kibichi.

"Dada, nimekuletea dawa ya uvivu wa miti yako," alisema. "Nilipumzika kwenye shamba moja ng'ambo ya mpaka. Wana chesinati kubwa kama ngumi. Nimezishika kwa mkono huu! Mwenye shamba akanikatia vijiti."

"Mpakani hawakukuuliza?"

"Wanaangalia magunia. Nani ataangalia vijiti viwili?"

Mama Pacha aliviangalia. Gome lilikuwa zima na linang'aa. Macho yalikuwa manene. Hakuona doa, wala tundu, wala mdudu. Fundi akiona kijiti kizuri, vidole vinamwasha.

Alikumbuka sharti. Alikumbuka na sahihi yake. Kisha akajiambia maneno ambayo watu wengi hujiambia kabla ya kuharibu mambo: "Ni kimoja tu."

Kesho yake, Baba Pacha alipokwenda kisimani, alikibebesha kijiti kimoja kwenye tawi la mti namba kumi na nne, upande wa ukuta, mahali ambapo mtu haoni kwa urahisi. Kijiti cha pili alimpa shoga yake, mshona nguo wa nyumba ya jirani, aliyeitwa Fundi Cherehani.

"Kiweke kwenye kopo la udongo," alimwambia. "Usimwambie mtu."

*

Wiki sita baadaye, macho ya kijiti yalifumbuka. Mama Pacha alikwenda kuangalia akiwa anatabasamu. Tabasamu halikudumu.

Majani yalikuwa madogo na yamejikunja. Chini yake, mahali ambapo chipukizi lilipaswa kurefuka, palikuwa na kinundu. Kilikuwa cha mviringo, kijani, kina wekundu upande mmoja, ukubwa wa punje ya njegere. Akatazama jicho la pili. Kinundu. La tatu. Kinundu. Vilikuwa saba.

Hakujua ni kitu gani, lakini kwa miaka ishirini ya kushika miti hakuwahi kuona kitu kama kile. Aliogopa kumwuliza mtu, kwa sababu jibu lolote lingeanza na swali: kijiti hiki umekipata wapi?

Akangoja. Labda vitapotea. Havikupotea. Wiki ya tatu vilikuwa vimeongezeka unene na kuwa vigumu. Na Bibi Shamba alikuwa anakuja kesho yake kupima.

Asubuhi ya siku hiyo ya kupima, baridi kali ilirudi ghafla. Mama Pacha alivaa koti lake zito, akachukua kisu, akaenda kwenye mti namba kumi na nne. Alikata kinundu kimoja kimoja. Alivihesabu kama mtu anayehesabu wezi: kimoja, viwili, vitatu, mpaka saba. Kisha akakikata kijiti chenyewe karibu na tawi na kupaka udongo kwenye kidonda.

"Unakata nini huko?" Sauti ya mama mkwe ilitoka nyuma ya ukuta.

Mama Pacha alivitumbukiza vyote mfukoni.

"Matawi makavu tu, mama!"

Mama mkwe alitokea akiwa na ndoo ya maganda ya kulishia kuku. Alimtazama mkwewe kutoka kichwani hadi miguuni.

"Umekuwa mweupe kama chaki. Na hilo koti, mfuko umetoboka tangu mwaka jana. Juzi ufunguo wa stoo ulidondokea ndani ya pindo, tukautafuta nyumba nzima. Mpelekee Fundi Cherehani alishone, ama na yeye umegombana naye?"

"Nitampelekea, mama."

Mama mkwe alipoondoka, Mama Pacha alikimbia hadi shimo la taka nyuma ya jiko. Akaugeuza mfuko, akaukung'uta, akafunika taka kwa majivu. Kisha akaingia ndani, akalitupa koti kwenye sanduku la chuma, akabamiza kifuniko. Siku ile jua lilitoka, na baridi ya mwaka ule ikawa imekwisha.

*

Bibi Shamba alifika saa nne, akiwa na tepu, daftari na mtungi wa kioo uliofungwa kwa kitambaa chepesi.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama mkwe.

"Marahaba mwanangu. Pikipiki yako inapiga kelele kuliko wewe."

Wakaingia shambani. Walipima mti mmoja baada ya mwingine. Mama Pacha alishika ncha ya tepu. Mti wa kumi. Wa kumi na mmoja. Wa kumi na mbili. Wa kumi na tatu.

Walipofika kwenye mti namba kumi na nne, Bibi Shamba aliinama, akasoma kibati, akapima urefu, akageuza majani mawili. Aliona kidonda kilichopakwa udongo.

"Tawi hili limefanya nini?"

"Lilivunjika kwa upepo," alisema Mama Pacha.

"Pole yake." Bibi Shamba akaandika: *Mzima.* Akaenda kwenye mti wa kumi na tano.

Imekwisha, Mama Pacha aliwaza. Nimepona.

Lakini walipomaliza na kukaa barazani, Bibi Shamba aliweka ule mtungi mezani.

"Nataka kuwaonyesha kitu. Nakipitisha kwenye mashamba yote kumi. Mtungi umefungwa, hakuna atakayeumwa. Tazameni."

Ndani ya mtungi mlikuwa na tawi kavu. Juu ya tawi palikuwa na vinundu.

Mama Pacha alishika ukingo wa meza.

"Huu ni ugonjwa?" aliuliza Baba Pacha.

"Ni nyumba," alisema Bibi Shamba. "Kuna nyigu mdogo sana, mdogo kuliko chawa. Hutaga mayai ndani ya macho ya chesinati wakati wa joto. Mayai hayo hayaonekani. Kijiti kitaonekana kizima na kizuri kabisa wakati wote wa baridi. Macho yakifumbuka, ndipo vinundu vinapoota. Kinundu kikiota, chipukizi halikui. Maua hayatoki. Mti huzidi kudhoofika mwaka hadi mwaka."

"Basi ukiona unakata," alisema Baba Pacha.

"Unakata na kuchoma moto. Ukikata na kutupa, hujafanya kitu. Kinundu kilichokomaa huendelea hata kikiwa chini. Baada ya wiki chache nyigu anatoboa tundu na kutoka." Bibi Shamba aligonga kioo kwa kucha. "Mnaona vitundu hivi? Hawa walitoka ndani ya mtungi wangu, tawi likiwa limekatwa zamani."

"Akitoka mmoja si kitu," alisema mama mkwe. "Atapata wapi mume?"

"Hahitaji mume, mama. Wote ni majike. Mmoja tu anatosha kujaza mlima huu."

"Loo! Basi huyo ana bahati yake," alisema mama mkwe, na Baba Pacha akacheka.

Mama Pacha hakucheka. Alikuwa anaona lile shimo la taka nyuma ya jiko. Aliona majivu. Aliona kopo la udongo kwenye dirisha la Fundi Cherehani. Aliona mashamba kumi, miti zaidi ya mia mbili, na watu waliong'oa matufaha yao kwa sababu waliambiwa wajaribu.

"Wanaingiaje nchi mpya?" aliuliza.

"Hawaruki mbali wenyewe. Mara nyingi mtu ndiye anayewabeba. Huweka kijiti mfukoni, akavuka mpaka. Ndiyo maana miti yetu ilikaa miaka miwili kituoni, ndani ya nyumba ya wavu, kabla ya kuletwa kwenu. Tulikuwa tunangoja kuona inaficha nini." Alisimama, akafunga mkoba. "Haya, asanteni kwa chai."

Alivaa kofia ngumu. Akawasha pikipiki. Baba Pacha akafungua lango.

Mama Pacha alikuwa amebaki barazani. Angeweza kunyamaza. Tayari ilikuwa imeandikwa, *Mzima.* Angeweza kwenda kulichimba shimo peke yake. Lakini je, kama ameshatoka hata mmoja? Na atamwambiaje Fundi Cherehani? Na mashamba mengine, nani atayakagua? Pikipiki ilivuka lango.

"Bibi Shamba!" alipiga kelele. "Zima! Zima pikipiki!"

Alikimbia bila viatu.

"Ni mimi," alisema, akihema. "Mti namba kumi na nne. Upepo haukuvunja kitu. Ni mimi."

*

Alieleza yote pale langoni. Baba Pacha alimtazama mkewe kama anayemwona mara ya kwanza. Mama mkwe aliketi kwenye jiwe.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema mama mkwe kwa sauti ndogo. "Afadhali umesema."

Bibi Shamba hakufoka. Hilo lilimtisha Mama Pacha zaidi. Alivua kofia taratibu.

"Aina yenyewe ni ipi? Zile kubwa kama ngumi?"

"Ndiyo."

"Tulishaijaribu kituoni miaka mitano iliyopita. Mvua ikinyesha wakati wa kukomaa, mbegu zinapasuka na kuoza. Haifai hapa." Alimtazama. "Ungeniuliza tu, Mama Pacha. Ni swali la dakika moja."

Mama Pacha alilia. Hakulia kwa sababu ya kuonewa. Alilia kwa sababu ilikuwa kweli.

"Utalia baadaye," alisema Bibi Shamba. "Kwanza, kijiti cha pili."

Walivuka barabara kwa haraka. Fundi Cherehani alikuwa kwenye mashine, anashona sare za shule, pini zimejaa mdomoni.

"Shoga, kile kijiti!" alisema Mama Pacha. "Kiko wapi?"

Fundi Cherehani alitoa pini moja moja. Aliwatazama wote wanne, akaogopa.

"Msinigombeze," alisema. "Nilisahau kukimwagilia. Kilikauka kabla hakijatoa hata jani moja. Nikakitumia kuwashia jiko."

"Umekichoma?" aliuliza Bibi Shamba. "Chote?"

"Chote. Na maji yalichemka vizuri tu."

"Kumbe uvivu nao ni dawa," alisema Baba Pacha. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu pale langoni.

Wakarudi kwenye shimo la taka. Walivaa glovu. Waliondoa majivu, maganda, makaratasi, wakachambua kila kitu juu ya shuka jeupe. Kinundu cha kwanza kilipoonekana, Bibi Shamba alikigeuza chini ya kioo cha kukuzia.

"Hakina tundu," alisema. "Hajatoka."

Cha pili hakikuwa na tundu. Cha tatu, cha nne, cha tano, cha sita, vyote havikuwa na tundu. Kila kimoja kiliingia kwenye kopo la kioo.

"Ulisema saba."

"Saba," alisema Mama Pacha. "Nilihesabu."

Walichambua tena. Walichimba mpaka udongo mwekundu. Walipekua chini ya mti namba kumi na nne, jani kwa jani. Jua lilipita utosini, likaegemea upande wa pili. Cha saba hakikuonekana.

"Labda kuku amekimeza," alisema mama mkwe.

"Labda," alisema Bibi Shamba. Hakuna aliyeona raha kwa neno hilo.

*

Kesho yake wakulima wote walikutana kwenye stoo ya kikundi chao, wamekaa juu ya makasha. Bibi Shamba alitaka kueleza yeye, lakini Mama Pacha alikataa. Alisimama. Alisema alichofanya, na hakumtaja kaka yake mpaka alipoulizwa.

"Wewe ndiye tuliyekuwa tunakuamini na miti yetu!" alisema mzee mmoja. "Kisu chako kimepita kwenye kila shamba hapa!"

"Ndiyo," alisema Mama Pacha.

Aliutoa mkoba wake wa ngozi, akauweka na visu vyote vitatu mbele ya mwenyekiti wa kikundi.

Bibi Shamba alitoa maagizo. Mti namba kumi na nne ukatwe na kuchomwa moto, na uandikwe kuwa umetoka kwenye majaribio. Vile vinundu sita vichomwe pia. Kila mti katika mashamba yote kumi ukaguliwe kila wiki. Kwa mwaka mzima, hakuna kijiti wala mche utakaotoka mlimani. Hakuna kubebesha.

"Na kama yule wa saba ametoka?" aliuliza mwenyekiti.

"Ametaga kwenye macho mapya. Hatutaona kitu mpaka mwakani, macho yatakapofumbuka."

"Basi tungoje mwaka mzima bila kujua?"

"Ndiyo. Hakuna njia ya mkato."

Ule ulikuwa mwaka mrefu. Mama Pacha alikagua miti yake kila siku, ijapokuwa aliambiwa kila wiki. Mdudu yeyote mweusi alimshtua. Watu walimsalimia kwa kifupi. Dukani walinyamaza akiingia. Asubuhi bado aliamka saa ile ile ya kunoa visu, akakaa na mikono mitupu.

Baridi iliporudi, hakulivaa lile koti. Alivaa shuka mbili na sweta la mumewe. Baba Pacha alimwuliza kwa nini.

"Sitaki kuliona," alisema.

*

Macho yalianza kuvimba. Familia zote kumi zilitoka mashambani, wazee kwa vijana, kila mtu na safu yake ya miti. Bibi Shamba aliwafundisha kushika chipukizi kwa vidole viwili na kulipapasa polepole kuanzia chini hadi juu. Siku tatu zilipita hivyo. Kisha wakarudia baada ya wiki moja, na baada ya wiki nyingine.

Aina ya kwanza: safi. Aina ya pili: safi. Kisha, katikati ya ukaguzi, baridi ya ghafla ilishuka asubuhi moja na kuyaunguza majani machanga ya aina tatu. Yalikuwa meusi kama yamepitiwa na moto. Lakini aina ya nne, ile iliyolala, haikuguswa. Macho yake yalikuwa bado yamefumba.

"Kumbe haikuwa mvivu," alisema Mama Pacha. "Ilikuwa inajua."

"Iandike hivyo hivyo," alisema Bibi Shamba. "Ila usisherehekee. Ni mwaka mmoja tu. Bado minne ya kupima, na hata matunda yake hatujayaonja."

Wiki ya sita, ukaguzi ulikwisha. Mti wa mwisho ulikuwa wa yule mzee aliyemfokea Mama Pacha. Alilipapasa chipukizi la mwisho kwa mikono yake mwenyewe. Akageuka.

"Hakuna," alisema.

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti alitoa mfukoni mkoba wa ngozi na kumrudishia Mama Pacha visu vyake. Vilikuwa na kutu kidogo. Alivipokea kwa mikono miwili.

Siku ile, kwa furaha, alifungua sanduku la chuma. Alilitoa lile koti, akalipeleka kwa Fundi Cherehani.

"Nishonee huu mfuko," alisema. "Mama amenisema miaka miwili sasa."

Walikuwa wanacheka. Fundi Cherehani aliligeuza koti ndani nje, akafumua pindo la chini ili aupate mfuko vizuri. Kisha akaacha kucheka.

"Shoga," alisema. "Hiki ni nini?"

Ndani ya pindo, katikati ya vumbi la nyuzi, palikuwa na kitu kidogo, cha mviringo, kikavu. Mama Pacha alikitambua kabla hajakishika. Alikisogeza dirishani penye mwanga.

Kilikuwa na tundu.

Walifumua pindo lote, polepole, juu ya karatasi nyeupe. Mwishoni kabisa, kwenye kona ya mshono, alikuwepo nyigu. Alikuwa mweusi, mdogo kuliko chawa, mkavu. Alitoka, akatafuta njia ndani ya giza la koti, ndani ya sanduku lililofungwa, akafa.

Mama Pacha aliketi sakafuni. Kama siku ile asingelitupa koti sandukuni. Kama angelianika juani, uani, hatua kumi kutoka kwenye miti. Hakuokoa mlima kwa akili wala kwa ufundi. Ni kifuniko tu cha sanduku.

Bibi Shamba alipompokea yule nyigu, alimtia kwenye chupa ndogo na kuifunga kwa lakiri. Alipiga simu kituoni kupata ruhusa, kisha akamrudishia Mama Pacha chupa. Ipo mpaka leo, kwenye rafu, kando ya visu. Mtu yeyote anayeleta habari za mti mzuri wa ng'ambo hukalishwa kwanza mbele yake. Kisha Mama Pacha huandika jina la mti huo kwenye karatasi na kulipeleka kituoni. Aina mbili zilizoandikwa hivyo ziko kwenye nyumba ya wavu sasa hivi, zinangojwa zionyeshe zinaficha nini.

Na Dereva? Alikuja tena, baridi ilipokaribia kwisha. Alisimama mlangoni, mikono juu, kama mtu aliyekamatwa.

"Sina kitu, dada. Wallahi sina hata kijiti cha meno."

Mama Pacha hakucheka. Alimpapasa mfuko wa kulia. Alimpapasa mfuko wa kushoto. Kisha akapiga magoti, akashika upande wa chini wa koti.

"Geuka," alisema. "Nataka kuona pindo."